Waridi mwitu mbili kwa ploti yangu Ruai, ni kitu moja ama ni tofauti?

BabaTasha_Ruai (Ijumaa, saa tatu usiku)

Wadau habari za jioni. Mimi si mtu wa maua hata kidogo, nilinunua ploti Ruai nikiwa na mawazo ya sukuma wiki na kuku basi, lakini sasa nimejipata na rosi mbili zinanisumbua akili na nimeulizia watu mpaka nimechoka.

Ya kwanza iko hivi. Mke wangu alinunua rosi nyekundu kwa wale jamaa wa nasari kando ya barabara, wakamwambia hiyo imegraftiwa haina shida. Ikachanua vizuri miezi kadhaa, nyekundu kabisa ile ya kupelekea mtu Valentaini. Halafu kiangazi kikaingia, tukaenda ushago wiki tatu, kurudi juu yote imekauka kama kuni. Sikung'oa, ni uvivu tu. Mvua ilipoanza nikaona fimbo ya kijani inatoka chini kabisa karibu na udongo nikaita mama Tasha nikamwambia rosi yako imefufuka. Wueh. Hiyo fimbo saa hii zimekuwa kama kumi na tano, zinanipita urefu na mimi si mfupi, zinapinda kama upinde zinarudi chini, na mwezi jana zikatoa maua MEUPE, madogo madogo, kila moja kama kizibo cha soda, petali tano basi, lakini kichala kimoja unahesabu ishirini thelathini mpaka unaacha. Nyekundu hakuna hata moja. Mke wangu anasema kuna mtu alikuja usiku akabadilisha.

Ya pili ni katingi nilipewa na mjomba wangu, yeye alifanya kazi ya kuchunga bustani kwa boma moja ya zamani huko Limuru na kulikuwa na fensi ya hii rosi. Niliiona kwa macho yangu ikiwa na maua, ni ya pinki hafifu karibu nyeupe, petali tano pia, lakini ua ni kubwa, na ikimaliza inaacha tunda jekundu la kurefuka kiasi, ukiangalia haraka unadhani ni kahawa imeiva. Huku kwangu imeshika vizuri, ina mwaka wa pili, miiba imepinda kama kucha za paka, lakini maua imekataa kabisa.

Jamaa wa nasari nikamwonyesha kwa simu akasema hizo zote ni rosi ya msitu, ni kitu moja. Kijana wa jirani yuko chuo ana ile programu ya kupiga mmea picha inakuambia jina, siku ya kwanza ikasema Rosa multiflora, siku ya pili tukapiga jani bila ua ikasema Rosa canina, na ni mti ule ule mmoja! Sasa nani muongo? Na nikitaka kutoa fensi ya seng'enge nipande moja ya hizi kuzunguka ploti (hamsini kwa mia), gani inafaa? Na yale matunda watu wanasema yana vitamini ni ya kweli ama ni story za mitandao?

---

Mzee_wa_Kazi

Picha iko wapi buda. Unatuelezea rosi kama mtu anaripoti mwizi kwa polisi.

---

NjeriWaKikuyu_

Hiyo ya kwanza venye umesema imepinda inarudi chini na vichala vyeupe, uko sure si mutare? Shosho alikuwa nazo nyuma ya zizi, matunda meusi matamu sana, tulikuwa tunarudi shule na midomo ya zambarau.

---

BabaTasha_Ruai

Si mutare, mutare naijua nimekulia Murang'a. Hii tunda lake ni dogo kama minji, jekundu, gumu. Picha simu imekataa kupakia nitajaribu kesho nikiwa na wifi.

---

FundiWaNaivasha (Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi)

BabaTasha tulia, mke wako hajaibiwa. Nimefanya mashamba ya maua Naivasha miaka tisa, na hiyo kazi ya kugrafti ndiyo ilinisomeshea watoto, wacha nikuelezee pole pole.

Rosi nyingi za kuuza haziwi mmea mmoja, ni wawili wamefungwa pamoja. Juu ni ile nyekundu ya watu kupenda, mizizi yake ni dhaifu ndio maana haiachiwi kujisimamia. Chini ni waridi mwitu, sisi tunaita rutistoki, kazi yake ni mizizi tu, haitakiwi ionekane. Unachukua kijiti cha rutistoki hakina hata mzizi, unakata kwa mshazari, unachukua kipande cha ile nyekundu chenye jicho moja na jani moja, unakata mshazari ule ule, unashikanisha na klipu, unachomeka kwa kibanda cha plastiki yenye unyevu kama ukungu wa Kinangop. Mizizi inatoka chini wakati kidonda kinafunga juu, vyote kwa pamoja. Siri ya hiyo kazi ni moja: kile kijiti cha chini lazima utoe macho yote na kisu. Yote. Ukiacha jicho moja umemficha hapo adui. Supavaiza wetu alikuwa anapitisha kidole gumba kwa kila kijiti, akisikia kinundu anarudisha kreti nzima na hiyo siku chai hunywi.

Sasa wewe rosi yako juu ilikufa kwa kiu, chini mizizi ilikuwa bado hai, na kulikuwa na jicho limebaki. Imeamka ikakuta nyumba ni yake. Hiyo ndiyo unaona. Hakuna aliyebadilisha kitu, ilikuwa hapo tangu siku ya kwanza na nyinyi mlikuwa mnaimwagilia.

Ni gani sasa. Mashamba mengi ya huku rutistoki ni Natal Briar, ilikuja kutoka Afrika Kusini, kwa hivyo usikimbilie kusema lazima ni multiflora ama canina, wale jamaa wa kando ya barabara wengine wanaokota mimea mizee iliyong'olewa shambani wanaipogoa wanaweka kwa karatasi nyeusi wanauza. Lakini maua madogo thelathini kwa kichala na tunda la ukubwa wa minji, hiyo ni tabia ya multiflora. Usiangalie rangi, rangi itakudanganya, zote mbili zinaweza kuwa nyeupe. Fanya hivi. Chukua jani moja, ifuate mpaka pale kikonyo chake kinashikana na tawi. Hapo chini kuna mabawa mawili madogo yameganda kando ya kikonyo. Yaangalie kwenye mwangaza. Kama ukingo wake una nyuzi nyuzi kama kitana ama kama kope za jicho, hiyo ina damu ya multiflora. Kama ukingo ni laini umenyooka, ama una vijimeno vidogo tu, hiyo ni upande wa canina. Fanya kwa zote mbili uje utuambie.

Na usihesabu vijani. Kuna watu watakuja hapa kukuambia jani la vijani saba ni mwitu na la vitano ni la nyumbani, si kweli, kuna rosi za duka ziko na saba.

---

Plantmama_SouthB

Haki mimi ndio nilikuwa nataka kuandika hiyo ya saba na tano 😂 nimekuwa nikikata matawi ya watu bure

---

NasariYaBarabara

Mimi niko hiyo biashara na niseme tu si wote tunaokota mimea ya shamba. Mwingine ananunua miche safi anauziwa kwa risiti. Na mteja akiambiwa mwagilia mara mbili kwa wiki na aende ushago wiki tatu hapo kosa ni la nani? Ukiona kitu kinatoka chini ya kile kinundu cha kugrafti unaondoa siku hiyo hiyo, na hukati na makasi, ukikata unaiacha macho mengine inarudi mara tatu. Unafukua udongo kidogo, unashika pale inatokea kwa mzizi, unavuta kwa nguvu inang'oka na kisigino chake. Mimi huambia kila mteja. Wanasikiliza kama wanasikiliza matangazo ya kwaya.

---

FundiWaNaivasha

Sawa mkubwa sijasema wote, nimesema wengine. Hiyo ya kuvuta badala ya kukata ni ukweli mtupu.

---

Wambui_Leeds (Jumamosi mchana)

Baba Tasha habari yako, mimi ni nesi niko Uingereza mwaka wa kumi na moja sasa na hiyo rosi ya mjomba wako kwa maelezo yako naipita kila siku nikienda kazi kwa miguu. Hapa wanaiita waridi la mbwa, na hilo jina canina maana yake ni hiyo hiyo ya mbwa, eti zamani za Warumi watu waliamini mzizi wake unatibu mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. (Usijaribu. Ukiumwa na mbwa nenda hospitali uchomwe sindano, nasema kama nesi.)

Iko kila mahali kwa fensi za mashamba, inachanua Juni, wiki mbili tatu basi imekwisha, ua ni kama upana wa yai ukilipasua, pinki ya kufifia na katikati manjano. Septemba Oktoba ndio matunda yanakuwa mekundu, na baridi ikiingia majani yote yanaanguka inabaki miiba na matunda tu. Kwa hivyo unaposema huko Ruai imekataa kuchanua mimi sishangai, huyu mmea kwao analala miezi mitano kwa baridi halafu ndio anaamka na maua. Limuru angalau Julai unavaa sweta mbili. Ruai je?

Matunda sasa. Vitamini ni ya kweli kabisa. Wakati wa vita vya pili vya dunia machungwa yalikuwa hayafiki huku kwa sababu meli zinazamishwa, serikali ikaanza 1941 kukusanyisha watu haya matunda, watoto wa shule na akina mama wanaokota kwa fensi wanalipwa kidogo, yanapelekwa kiwandani yanafanywa sirapu ya kupewa watoto. Kuna wazee kwa wodi yetu bado wanakumbuka ladha yake. Lakini shida iko ndani, ukipasua tunda unakuta mbegu zimezungukwa na manyoya madogo magumu, hayo ukimeza yanakuwasha koo mpaka tumbo, watoto wa huku wakorofi huyatia wenzao kwa kola za shati. Kwa hivyo unayatoa na kijiko ama unachemsha unachuja na kitambaa mara mbili, si chujio la chai, KITAMBAA. Na usichemshe mpaka jioni kama githeri kwa sababu hiyo vitamini C inakufa na moto.

Ile multiflora tunda lake ni dogo mno, mbegu zimejaa, nyama hakuna. Waachie ndege.

Kitu kimoja kabla sijasahau. Kuna ndugu yake canina wanafanana sana, anaitwa Rosa rubiginosa, na wazungu wa zamani walimpenda kupanda karibu na nyumba kwa sababu ya harufu. Si harufu ya ua, ya JANI. Ukilifinya ama mvua ikinyesha linanukia kama tufaha la kijani. Chini ya jani kuna vidonge vidogo vya mafuta vinanata kidogo. Pia yule vijani vitano vya chini ya ua vinabaki vimesimama juu ya tunda likiiva, wa canina vinarudi nyuma halafu vinaanguka mapema tunda linabaki kipara. Finya jani utuambie, pengine mjomba alikupa huyo.

---

Shiko_ngozi

Ati mafuta ya rosihipi ninayopaka usoni yanatoka kwa hii tunda?? Si nianze kukamua tu

---

Wambui_Leeds

Shiko mengi ya hayo yanatoka Chile, huko huyo rubiginosa aliletwa na watu akatoroka akajaa milimani, wanaokota mwituni. Mafuta yako ndani ya mbegu si kwa nyama, na mbegu ni ngumu kama changarawe. Utakamua mpaka uzeeke.

---

Agro_Juja

Naongezea kidogo kwa nini programu ilichanganyikiwa (mimi niko mwaka wa nne na hii kitu ilinitoa jasho darasani). Jani bila ua ni ngumu kwa mtu, sembuse simu. Lakini pia canina yenyewe ni mmea wa ajabu. Multiflora ana kromosomu 14, saba za baba saba za mama, kawaida kama ndoa yoyote. Canina ana 35! Nambari haigawanyiki kwa mbili. Kwa hivyo ikitengeneza mbegu, upande wa mama unatoa 28 na chavua ya baba inatoa 7 basi. Mtoto anafanana mama karibu kila kitu, na ndio maana kuna aina nyingi za canina kila moja inajirudia kivyake, bonde hili zina manyoya kwa jani, bonde lile hazina, na wataalamu wamebishana juu ya majina tangu mtaalamu wa mimea Linnaeus alipoipa jina 1753. Kwa hivyo programu ikikuambia canina kwa jani tu ni kama mtu akikuambia mwizi alikuwa na kichwa.

---

Mzee_wa_Kazi

28 kwa 7. Baba hata kwa maua hana sauti.

---

Plantmama_SouthB

😂😂😂

---

BabaTasha_Ruai (Jumapili jioni)

Nimerudi na majibu, leo baada ya kanisa nimeshinda kwa fensi na miwani ya kusomea ya mama mkwe, Tasha akinishikia tochi mchana kweupe.

Ya kwanza, ile nyeupe. Fundi nimeyaona hayo mabawa. Yana nyuzi! Kama kope kabisa, zingine zimegawanyika mara mbili kwa ncha, na ukipitisha ukucha unasikia. Nimeangalia majani kama kumi yote ni hivyo. Halafu nimegundua kitu ingine, miiba si mingi, fimbo zingine ziko karibu bila miiba, na pale iko inakaa miwili miwili chini ya jani. Na hii imenishtua: fimbo mbili zile zilipinda mpaka ncha ikagusa udongo, nimevuta nikaona zimetoa mizizi hapo kwa ncha. Yaani inatembea. Inaruka kama mtu anavuka mtaro.

Ya pili, ya mjomba. Mabawa ukingo ni safi, vijimeno vidogo sana, nyuzi hakuna. Miiba ni mikubwa, imepinda yote upande mmoja, imenishika mkono wa shati nikabaki hapo kama nimefungwa pingu Tasha anacheka. Jani nimefinya nikanusa, nikampa Tasha akanusa, nikampa jirani. Linanuka majani tu. Tufaha hakuna. Mjomba nimempigia nikamuuliza tunda likiiva vile vijani vya juu vilikuwa vinabaki ama vinaanguka, akaniuliza kama niko sawa kichwani, halafu akafikiria akasema tunda lilikuwa "safi juu, halina kofia". Kwa hivyo nadhani ni canina, dada Wambui.

Picha wifi ya kanisa imekataa.

Sasa swali la fensi limebaki. Kwa macho ya mtu asiyejua, hii nyeupe ndio imeshika kwa nguvu, mwaka mmoja imefanya kile nyingine haijafanya miaka miwili. Nilikuwa nimeanza kupanga vijiti arobaini.

---

FundiWaNaivasha

Simama hapo hapo. Weka hivyo vijiti chini.

Hivyo unavyofikiria wewe ndivyo Wamarekani walifikiria miaka ya 1930. Serikali yao ikawapa wakulima miche ya multiflora kutoka kwa watu wa kuhifadhi udongo, wakaambiwa hii ni fensi hai, ng'ombe hapiti, udongo haubebwi na maji, ndege wanapata chakula. Wengine waliipanda hata katikati ya barabara kuu ati gari likikosa njia lishikwe na rosi. Na yote ilikuwa kweli! Ng'ombe hapiti kweli. Shida ni kwamba baadaye hata mwenye shamba hapiti. Kichaka kimoja kikubwa kinatoa mbegu laki kadhaa kwa mwaka, ndege anakula anaenda kunya kwa shamba la jirani, na mbegu inakaa kwa udongo miaka kumi na zaidi ikingoja. Leo kwa majimbo kadhaa huko imeandikwa kwa orodha ya magugu mabaya. Na hiyo umeona ya ncha kushika mizizi ndiyo njia yake ya pili, haihitaji hata ndege.

Kwa ploti ya hamsini kwa mia ukipanda arobaini, sukuma wiki utaziona kwa picha.

Canina inaenda pole pole, inatoa machipukizi kwa mizizi lakini unaweza kuifuata na jembe. Miiba yake ile ya kucha ndiyo fensi ya kweli, imeumbwa hivyo ipande juu ya miti mingine ikijishika. Kama nia ni mwizi asipite, hiyo. Kama nia ni kesho kutwa, panda kayaba kama watu wote wa Nairobi na uachane na rosi.

Tena uliza kitu kingine, udongo wako ni gani? Ruai sehemu kubwa ni ule mweusi wa kupasuka.

---

BabaTasha_Ruai

Ni mweusi. Kiangazi mtoto wa kuku anaweza kupotelea kwa nyufa. Na maji ni ya kisima kirefu, yana chumvi chumvi hivi, sufuria inabaki na ukoko mweupe.

---

FundiWaNaivasha

Basi angalia majani ya ile nyeupe vizuri, yale machanga ya juu. Kama yanaanza kuwa manjano lakini mishipa imebaki kijani, hiyo ni maji yako na udongo wako. Multiflora anapenda udongo wenye asidi kidogo, ukimpa wenye magadi anashindwa kufyonza ayani (madini ya chuma) anageuka manjano. Canina yeye anavumilia chokaa, huko kwao anamea mpaka kwa milima ya chokaa. Ndio maana kila nchi inachagua rutistoki yake, haiangalii uzuri, inaangalia udongo na maji. Shamba moja nilifanya walikosea hiyo hesabu, tulinyunyizia ayani kwa majani msimu mzima na bado grinihausi nzima ilikuwa kama imepakwa haradali.

---

BabaTasha_Ruai

Nimetoka nje na tochi saa hii. Manjano. Mishipa ya kijani. Aki wewe ni mganga.

---

Abdi_Eastleigh

Nimesoma yote hii kimya lakini hakuna mtu amesema ya Ethiopia. Nimeendesha lori njia ya Moyale mpaka Addis miaka mingi, ukipanda milima ya kule unaona waridi mwitu kando ya barabara, nyeupe, harufu tamu, Waoromo wanaiita gora na Waamhara kega, watoto wanakula tunda njiani hivyo hivyo wakitema mbegu. Nimeangalia sasa hivi jina lake ni Rosa abyssinica. Hiyo ndiyo waridi ya asili ya Afrika hii yetu ya kusini mwa Sahara, ziko hapo Ethiopia, Eritrea mpaka ng'ambo Yemen. Hizi zenu mbili moja ni ya Ulaya na nyingine ni ya Japani na China, zote ni wageni. Mnagombania wageni na ya nyumbani iko hapo juu tu.

---

Agro_Juja

Abdi umenipiga chenga, hiyo sikuijua. Nimesoma sasa hivi, iko upande mmoja na multiflora, zile ambazo sindano za katikati ya ua zimeungana zikawa nguzo moja inachomoza. BabaTasha hiyo pia ni alama, ua lingine la nyeupe likifunguka angalia katikati, utaona kijiti kimoja kimesimama. Kwa canina sindano ziko mbali mbali zimekaa chini kama kichwa cha pini.

---

Wambui_Leeds

Abdi asante sana kwa hiyo. Nikija nyumbani Desemba nataka kuionja. Wakubali mbegu mpakani ama ni shida?

---

Abdi_Eastleigh

Dada mbegu na mimea mpakani ni karatasi nyingi, usibebe kwa mkoba. Njoo twende uile huko huko, mbegu utatema Ethiopia.

---

NjeriWaKikuyu_

Kwa hivyo BabaTasha umeamua nini? Na mama Tasha amesema nini?

---

BabaTasha_Ruai (Jumatatu, saa mbili usiku)

Nyeupe nimeng'oa leo jioni na vijana wawili, tumetumia jembe, sururu na panga, na mzizi mmoja umeingia chini ya tangi la maji huo tumeuacha nina hakika utaniona tena. Matunda yote nimetia kwa gunia nikachoma, sikutaka ndege. Mkono wangu unaonekana nimepigana na paka wanne.

Ya mjomba inabaki, nitatoa katingi nipande upande wa nyuma tu kule seng'enge imelegea, mbele naweka kayaba. Isipochanua si shida, miiba haingoji maua.

Mama Tasha amekubali kwamba hakuna mwizi. Sasa anataka rosi nyekundu ingine. NasariYaBarabara uko barabara gani?

---

NasariYaBarabara

Nimekutumia namba kwa inboksi mkubwa. Nitakuchagulia yenye kinundu kiko juu ya udongo unakiona. Na ukienda ushago niachie funguo ya geti.